Kirumania cha Daktari Kalisti

Siku ile Kalisti alikuwa amevaa tai. Hilo ndilo jambo la kwanza analokiri mwenyewe kila anapoisimulia habari hii, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya simu, na waliokuwa wakimwona ni makoti ya mkewe tu.

Walikaa ughaibuni, ghorofa ya pili, mtaa wa Langley Park. Chini barabarani mafundi wa reli mpya walichimba tangu alfajiri, na mahali pekee ambapo mngurumo haukufika palikuwa kile kichumba cha nguo kilichochongwa ukutani mwa chumba cha kulala. Humo Kalisti aliingiza kiti cha plastiki, taa ndogo, daftari, na kamusi mbili ambazo hakuzifungua, maana aliona kuzifungua ni kujishusha. Juu ya kichwa chake zilining'inia sare za Jerotich, mkewe, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Akigeuka kwa haraka, mkono wa koti ulimzaba kofi la polepole shavuni.

Kampuni ya wakalimani ilikuwa imemwajiri miezi mitatu nyuma, baada ya goti lake kukataa kuendesha basi la hoteli. Aliandikishwa kwa lugha mbili, Kiswahili na Kirumania. Kiswahili hakikumshangaza mtu. Kirumania ndicho kilichomfanya aingie kanisani kifua mbele. Alikuwa amesomea udaktari wa mifugo miaka sita katika mji wa Iași, mashariki mwa Rumania, enzi za ujana wake, na lugha ile hakuiacha ipotee. Alipokosa wa kuongea naye, aliongea na kioo. Jumapili, akiulizwa siku hizi anafanya nini, hakusema ni mkalimani. Alisema, "Nawasaidia Warumania," kisha akanyamaza ili aulizwe tena.

Saa nane na dakika kumi mchana simu ikaingia. Alikuwa muuguzi kutoka hospitali moja ya Virginia, jina lake Anna, mwenye sauti ya mtu ambaye hajala chakula cha mchana. Alikuwa na bibi wa miaka themanini na mmoja aliyeteleza jikoni akaumia kiwiko. Binti aliyemleta alikuwa amerudi kazini. Bibi hakujua Kiingereza, au alijua na hakutaka.

Kalisti akamsalimu bibi kwa Kirumania chake bora. Bibi akaitikia, akajitaja jina, akasema kwao ni karibu na Craiova, akaongeza maneno fulani kuhusu kiwiko ambayo si ya kuandikwa hapa. Mambo yakaenda vizuri. Maumivu yako wapi, alianguka saa ngapi, ana mzio wa dawa gani.

"Muulize kuhusu dawa ya mapigo ya moyo," Anna akasema. "Naiona kwenye orodha yake. Anaitumia?"

Kalisti akauliza. Bibi akavuta pumzi kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara mia.

"Luai, maică, luai. Mă sculai, mâncai, luai pastila."

Hapo Kalisti alisisimka mwili mzima. Kitenzi namna ile, chenye mkia ule, hakuwahi kukisikia sokoni Iași wala kwenye mabanda ya ng'ombe. Alikijua kutoka riwaya nene walizolazimishwa kusoma na walimu wao, ambamo wafalme waliamka, wakapanda farasi, wakafa. Kumbe bibi huyu ni msomi! Amelala na kiwiko kilichovimba, bado anazungumza kama kitabu.

"Anasema," Kalisti akafasiri kwa madaha, "hapo zamani niliamka, nikala, nikameza kidonge."

"Zamani?" Anna akauliza. "Si leo?"

Kanuni ya kazi ilikuwa wazi, nayo aliitia sahihi: swali la muuguzi linakwenda kwa mgonjwa, na jibu linatoka kwa mgonjwa. Kulipeleka kungechukua sekunde mbili. Lakini Kalisti alikuwa na jambo la kufundisha, na mtu mwenye jambo la kufundisha hana sekunde mbili.

"Hapana, si leo," akajibu mwenyewe. "Hiyo ni namna ya kusema ya hadithini, sista. Mambo ya kale. Katika lugha za asili ya Kilatini…" Akaendelea dakika nzima. Anna alimsubiri amalize, pengine kwa adabu, pengine kwa uchovu.

"Sawa. Basi nitampa cha leo," akasema, akashukuru, simu ikakatika.

Kalisti akalegeza tai. Katika daftari, kwa mwandiko wa kujipenda, akaandika: *Bibi msomi.*

*

Jerotich alirudi saa tisa na nusu, miguu imevimba, mfuko wa viazi mkononi. Yeye alizaliwa Kapsabet, Kenya, na Kiswahili alikipata shuleni na barabarani. Kwa miaka ishirini na mmoja ya ndoa, mumewe wa Bukoba alikuwa akikirekebisha bila kuombwa.

"Baba Abby, funga hiyo mlango. Hizo mashine zitaniua."

"Mlango huo," Kalisti alisema kutoka kochini.

Mlango ukabaki wazi. Jerotich akausukuma kwa kisigino, akaweka maji ya chai jikoni. Kalisti akamfuata hadi mlangoni mwa jiko, maana sifa isiyosimuliwa humkaba mtu kooni. Siri ya mgonjwa hakuitoa, jina hakulitaja, lakini mengine yote aliyamwaga: kitenzi, wafalme, farasi, na jinsi muuguzi alivyonyamaza kwa heshima.

Jerotich akashika kopo la majani ya chai bila kulifungua.

"Ngoja kwanza. Nesi ameuliza kama anakunywa dawa. Na shosho akasema, hapo zamani niliamka nikakula nikameza?"

"Nikala."

"Nikakula. Baba Abby, mimi natunza wazee kumi na wawili. Hakuna mzee mwenye huniambia hivyo. Mzee ukimuuliza mambo ya dawa anakwambia nimekunywa, niache. Alisema mara ngapi hilo neno?"

"Mara mbili. *Luai, luai.*"

"Basi amekunywa. Tena leo."

"Mama Abigaili, hiyo ni sarufi. Kuna wakati uliopita wa kawaida, na kuna—"

"Hiyo ni shosho amechoka kuulizwa."

"Nimekaa miaka sita nchi ile!"

"Ulikaa hiyo nchi yote?"

Kalisti akahesabu moyoni. Alikaa Iași. Likizo alikwenda vijijini huko huko kuchanja kondoo. Craiova aliipita mara moja usiku kwa treni, na alikuwa amelala.

"Alisema kwao ni karibu na Craiova," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

Maji yalichemka, hakuna aliyeyaangalia.

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na huyo alikuwa mtu wa mwisho ambaye Kalisti angependa kumuuliza kitu. Anatoli, Mtanzania mwenzake, alisomea kilimo huko huko Craiova miaka ile ile, sasa alikuwa Falls Church akihudumia kompyuta za ofisi fulani. Walikuwa hawajasemezana miaka miwili. Ugomvi ulianza kwenye sherehe ya ubatizo kule Germantown, mbele ya tikiti maji. Kalisti alisema Warumania huliita *harbuz*. Anatoli akasema mtu anayesema *harbuz* amefundishwa na wachunga kondoo, jina lake ni *lubeniță*. Wakapandishiana sauti mpaka wanawake wakalichukua tikiti lenyewe wakaenda kulikata jikoni.

Simu iliita mara tatu.

"Daktari Kalisti," Anatoli akasema. "Umekuja kukiri?"

"Naomba nikuulize neno."

"La tunda?"

"Anatoli, ndugu yangu, usinicheke. Mtu wa kwenu Craiova akikwambia *luai pastila*, ana maana gani?"

Upande wa pili ukalipuka kicheko, lakini hakikuwa cha kejeli. "Luai! Sijasikia neno hilo miaka thelathini na mitano! Mama mwenye nyumba wangu ndivyo alivyoongea. *Mâncași, Anatoli?* Umekula, Anatoli? Nami kijiko bado kimo mdomoni!"

"Lakini ni jambo la zamani, sivyo? La hadithini?"

"Zamani gani? Hilo ni la leo. La leo leo, asubuhi hii, sasa hivi. La jana wanalisema vingine kabisa. Ninyi watu wa Iași mmelisoma vitabuni, wenzenu kule Oltenia, upande wa Craiova, wanaagizia supu." Akakohoa kicheko kilichobaki. "Kwa nini unauliza?"

Kalisti alikuwa akihesabu saa zilizopita tangu simu ya Anna.

"Kalisti? Upo?"

"Nipo," akasema. "Tikiti lako lilikuwa sahihi."

"Lubeniță," Anatoli akamsahihisha.

*

Anasema mwenyewe, na hapa huwa anainamisha kichwa, kwamba wazo la kwanza halikuwa bibi. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba hakuna anayejua. Simu ilikatika, muuguzi alishukuru, na Anatoli hakuambiwa kitu. Angeweza kunywa chai.

Jerotich alikuwa ameshaweka simu juu ya meza mbele yake.

"Nikipiga watanifuta kazi," Kalisti akasema.

"Na usipopiga?"

"Pengine hakumpa."

"Si umesema alisema atampa? Hiyo dawa mimi naijua. Mtu akipewa mara mbili, moyo unaanza kwenda polepole. Tulikuwa na mzee alipewa mara mbili, tulimkuta kwa kiti akiwa baridi kama samaki. Alirudi, lakini mimi sijasahau. Piga."

Abigail, binti yao wa miaka kumi na tisa, alikuwa amesikia yote kutoka chumbani kwake, kwa kuwa katika nyumba ile kusikia hakukuwa juhudi. Alitoka, na kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yake kumjibu baba hata asipoulizwa, akasema namba ya dharura ya wasimamizi iko chini ya ukurasa wa mkataba. Akaipiga yeye, akamkabidhi simu.

Muziki ulipigwa dakika kumi na nne. Ulikuwa wa kinanda, wa furaha, na kila baada ya dakika mbili sauti ya mwanamke ilimwambia Kalisti kwamba simu yake ni ya thamani. Katika muda huo alitunga maelezo yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Kisha kijana aliyejiita Ethan akapokea, na Kiingereza chote kikamtoka Kalisti kama maji kwenye chungu kilichopasuka.

"Nimemnywesha bibi mara mbili," akasema.

"Samahani, bwana?"

Ilibidi aanze upya. Ethan akaomba namba yake ya ukalimani; Kalisti akaisahau, akakimbia kichumbani kuisoma ukutani, akarudi akihema. Akaeleza. Upande wa pili vidole vilikuwa vikigonga kibodi.

"Kwa hiyo muuguzi aliuliza kama ni leo, na wewe ndiye uliyejibu."

"Ndiyo."

"Mgonjwa hukumuuliza."

Jerotich alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, na Abigail nyuma ya Jerotich. Kalisti aliona ingekuwa rahisi zaidi kama wasingekuwepo.

"Sikumuuliza."

Vidole vikaacha kugonga. "Nawapigia hospitali sasa hivi," Ethan akasema. "Kaa karibu na simu. Usipokee kazi nyingine."

Walikaa watatu mezani. Jerotich alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, na kwa kawaida saa hiyo angekuwa amelala, lakini hakwenda. Alimenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo. Kalisti alijaribu kusali, akakuta sala yake inajaa visingizio, akaiacha. Alimwona bibi kwenye kiti, baridi kama samaki. Kisha akajiona mwenyewe kanisani Jumapili, akiulizwa anafanya kazi gani. Akaona aibu kwamba hata sasa mambo hayo mawili yamepangana foleni moja.

Saa kumi na moja na dakika arobaini simu ikalia.

"Mgonjwa hajambo," Ethan akasema.

Kalisti akashika meza.

Mambo yalikwenda hivi. Muuguzi alipoleta kidonge, bibi alifunga mdomo. Alipobembelezwa, alitikisa kichwa, akaonyesha tumbo lake, akainua kidole kimoja. Alipobembelezwa mara ya pili, alikipokea, akakitia mdomoni, akakitemea kiganjani, akakitumbukiza katika mfuko wa koti la muuguzi na kuupigapiga ule mfuko kwa upole, kama mtu anayemtunzia mtoto peremende. Anna alikubali yaishe, akampigia binti wa bibi. Binti akapitia nyumbani akaleta kile kisanduku cha vidonge cha wiki. Chumba cha siku ile kilikuwa kitupu.

"Kwa hiyo," Kalisti akasema, "hakuna aliyemsikiliza mkalimani?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Jerotich akageuza uso dirishani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Ethan, ambaye huenda alikuwa kijana mwenye malezi mema, hakulijibu. Alisema Kirumania cha Kalisti kimesimamishwa mpaka afanye mtihani upya. Kiswahili anaweza kuendelea nacho. Taarifa ya maandishi juu ya kosa ifike kesho kabla ya adhuhuri.

Kalisti akashukuru mara nne. Alipoweka simu chini, alifurahi na kuona haya kwa pumzi moja, na hakuweza kusema ni kipi kilichomtoa machozi.

*

Taarifa aliiandika usiku kucha kichwani na asubuhi kwenye karatasi: kurasa tatu za Kiingereza safi. Ukurasa wa kwanza ulieleza mikoa ya Moldova, Oltenia, Banat na Transilvania, pamoja na mito. Wa pili ulilinganisha vitenzi. Alimpa Jerotich asome akiwa anafunga kamba za viatu vya kazini. Moyoni, Mungu amsamehe, alitarajia sifa.

Jerotich akasoma amesimama, akafunua, akafunua tena.

"Hii ni ripoti ama ni somo la chuo? Shosho anafika ukurasa wa tatu."

"Lazima waelewe mazingira."

"Mazingira gani? Ukisoma hii unadhani ni Warumania ndio wamekosa, wameongea vibaya." Akaziweka karatasi mezani. "Niambie kwa mdomo. Wewe ulikosa wapi?"

Kalisti akatazama karatasi zake, akatazama dirisha, ambako ule mtambo ulikuwa umeanza tena kuisaga barabara.

"Sikuelewa," akasema.

"Ehe. Na?"

"Wala sikuuliza."

"Basi andika hiyo."

Akamwangalia. Akaona kuna sahihisho linakuja lenyewe ulimini, akalimeza, likashuka kama mwiba wa sangara. Akachukua karatasi mpya. Sentensi zile mbili zilichukua mstari mmoja, na katika maisha yake hakuwahi kupeleka ofisini kitu kifupi hivyo. Alipoipiga picha na kubonyeza kuituma alijihisi uchi.

Hawakumfuta kazi. Walimjibu kwa mstari mmoja vilevile: mtihani ni mwezi wa tatu. Tangu hapo kila Jumamosi hubadilisha mabasi mawili na treni kwenda Falls Church. Anatoli humkalisha mezani, humtengea supu, na kumwuliza kwa sauti ya mama mwenye nyumba wa Craiova kama ameshakula. Asipojibu kwa kitenzi sahihi, supu inasogezwa mbali.

*

Siku kumi baada ya hapo ikaja simu ya Kiswahili. Daktari mwanamke wa zahanati moja alikuwa na mgonjwa wa makamo kutoka Bukavu, Kongo, mtu mwenye sauti nzito na subira fupi.

"Ambia munganga," mgonjwa akasema, "tumbo inaniluma sana nyuma ya kula."

Kalisti alikuwa na maana yake tayari. Tumbo linauma baada ya kula, nani asiyejua? Ulimi ulishanyanyuka. Kisha akausimamisha, akamwomba daktari ruhusa ya kumuuliza mgonjwa jambo.

"Samahani, bwana wangu. Unaposema *nyuma ya kula*, una maana ukishakula, au ni maumivu ya upande wa nyuma, mgongoni?"

Kiti kikalia kule zahanati.

"Weye ni mutu wa wapi?"

"Tanzania."

"Yo! Batanzania banasemaka beye ndio banajua Swahili!" Mgonjwa akapumua kwa nguvu. "Ambia munganga anitafutie mutu mwengine. Mwenye anajua Swahili."

"Amesema nini?" daktari akauliza.

Kila kinachotamkwa hufasiriwa, kwa nafsi ya aliyekitamka, bila kupunguza. Kalisti akasafisha koo.

"Daktari," akafasiri, "naomba unitafutie mtu mwingine. Anayejua Kiswahili."

Daktari akasita. "Samahani, huyo anayesema hivyo ni mgonjwa au ni mkalimani?"

"Ni mgonjwa," Kalisti akajibu. "Ila mkalimani naye hana pingamizi."